Sampuli ya Thelathini na Saba

Jumatatu, 4 Machi
Sampuli ya thelathini na sita nayo imeganda. Nje ya friza kimiminika changu cha skrini za magari kinatii umeme, skrini ya majaribio inawaka na kuzima nitakavyo. Kikilala kwenye baridi — chenga nyeupe tupu. Nani atanunua gari ambalo skrini yake inakufa kwenye theluji? Bosi kasema mwisho Ijumaa ya wiki ijayo, la sivyo mradi unafungwa na mimi nahamia kitengo cha gundi. Gundi! Baada ya miaka minne.

Alhamisi, 7 Machi
Ya thelathini na saba ina siku mbili kwenye friza. Inatiririka. Mwenzangu wa maabara, tunayemwita Mizani maana hata sukari ya chai anaipima, kasema nisishangilie mpaka niitengeneze tena. Roho mbaya tu. Bosi keshawapigia wateja. Nikampigia mama, akauliza kama sasa nitapata muda wa kula.

Jumatatu, 11 Machi
Nimeirudia mara tatu. Viungo vilevile, vipimo vilevile. Zote zimeganda. Leo hata anayepumua karibu yangu ananiudhi.

Jumatano, 13 Machi
Mizani kanikumbusha, tena kwa upole, ndicho kilichoniuma: Jumanne ile niliyotengeneza ya thelathini na saba, umeme ulikatika, tanuri la kukaushia vyombo halikuwaka. Kweli. Nilichukua chupa ya sampuli ya ishirini na mbili, nikaisuuza harakaharaka, nikachanganyia humo. Kumbe kinachozuia kuganda ni uchafu uliobaki. Kiasi gani? Sijui. Na kwenye daftari la maabara nimeandika kwa mkono wangu: "Chupa imeoshwa, imekaushwa." Naandika hivyo kila siku, kama mtu anavyojibu "nzuri" akiulizwa hali.

Ijumaa, 15 Machi
Nimejaribu kuongeza ya ishirini na mbili kidogokidogo. Moja imeganda, moja nusunusu. Nahitaji wiki mbili tu, jamani.

Wateja wameshakaa. Chupa ya thelathini na saba iko mbele yao kwenye barafu, imependeza. Bosi kachungulia, meno yote nje: dada, lete na daftari, wanataka kuona ukurasa wenyewe. Mizani hainui uso.

Naandika nimesimama. Nimelikata neno "imekaushwa". Pembeni nimetia tarehe ya leo na sahihi yangu, kama utaratibu unavyotaka. Bosi anaita tena. Daftari la maabara liko kwapani, kidole kwenye ukurasa huo. Naingia.