Mama, Mfuko Wako Ulikuwa Bado Kwenye Friza

Mama, mwaka umepita tangu ulipolala usiku ukiwa mzima na asubuhi usiamke. Jambo la kwanza tunalotaka kukwambia ni kwamba nyumba yako hainuki tena. Kwa miezi mingi ilinuka, na ilinuka vibaya. Tunalisema mbele ya wote watakaosoma hapa, kwa sababu wewe hukupenda mambo ya kufunikwafunikwa, hasa mambo ya jikoni.

Waliokufahamu wanajua ulivyokuwa. Uliingia jikoni mwa hoteli ukiwa muosha vyombo, wakastaafu wapishi wawili waliokutangulia, na mwisho ukawa wewe ndiye mpishi wa karamu zote. Hukuvumilia kitambaa kibichi kuachwa mezani, wala mtu anayeonja mchuzi kisha akarudisha kijiko kilekile sufuriani. Msaidizi wako mmoja alitusimulia msibani kwamba kwa kosa hilo ulimfanya amwage supu yote, halafu ukabaki naye mkaipika upya, na meneja hakuambiwa neno.

Karamu zikiisha, bata mzinga hubaki. Wageni hudonoa kifuani kidogo, wakafuta midomo, wakaondoka zao, na hilo lilikuwa likikuchefua kuliko uchafu wenyewe. "Wanamwacha ndege mzima amekaa pale, utadhani hawakumwona," ulikuwa ukisema huku ukivua viatu mlangoni. Vya kwenye sahani za watu hukuvigusa. Ulimchukua yule aliyebaki kwenye sinia, kwa ruhusa, ukamleta nyumbani amefungwa vizuri, na Jumapili tukala tambi.

Sote tuliokaa mezani kwako tunajua zilivyopikwa, ingawa hakuna hata mmoja wetu aliyezipika. Mifupa ilichemka na tangawizi na kitunguu saumu, nawe umesimama na upawa unaengua povu bila kuchoka. Nyama uliichambua kwa vidole ukifuata nyuzi zake, ngozi ukaiweka kando. Tambi hukuzivunja, ulizisimamisha kwenye mchuzi zikalegea zenyewe na kuzama taratibu. Nyama iliingia mwisho kabisa, moto umekwisha kuzimwa, maana ulisema bata mzinga akichemshwa mara ya pili anageuka uzi wa cherehani. Ukakamua ndimu, ukanyunyiza pilipili manga, ukatuita.

Mwanao wa mwisho, binti, ndiye aliyekuwa mtihani wako. Ulimpa jina la Kinyaa akiwa bado mdogo, kwa sababu alikuwa akigeuzageuza kila kipande kabla ya kukitia mdomoni, na kikombe cha maji alikinusa kwanza. Ukubwani akawa afisa afya, kazi yake kukagua migahawa na kuifunga ile michafu. Siku alipoajiriwa ulicheka mpaka ukashika mbavu. "Sasa wanamlipa kwa ugonjwa wake," ulisema. Lakini bakuli la tambi zako Kinyaa hakulikagua hata siku moja. Mchumba wake alipomwacha, uliingia chumbani kwake na bakuli hilo, ukaketi ukingoni mwa kitanda.

"Kula kwanza, mwanangu," ulimwambia. "Kulia kupo tu, hakuendi popote."

Akala mpaka akalamba kijiko. Kisha akalia vizuri, akiwa ameshiba, kichwa chake mapajani mwako. Bado anasema hakuna dawa iliyowahi kumshika vile.

Ijumaa ile ya mwisho ulirudi na bata mzinga wa harusi. Ulimchambua, ukatia nyama na mifupa katika mfuko, ukaufunga kwa utepe wa kitambaa uliouokota chini ya cherehani ya Baba, ukauweka kwenye friza. "Hii ya Jumapili, watoto wakija," ulimwambia. Na kweli Jumapili tulikuja wote, Mama, ila tulikuja kukuzika. Hakuna aliyekumbuka mfuko isipokuwa Baba.

Baba tunamheshimu, na haya tumemsomea kabla ya kuyachapa. Yeye ni fundi cherehani hodari, lakini kwa jikoni alikuwa mgeni. Alikuwa akiingia kuchota maji ya kunywa na kutoka. Baada ya mazishi, Shangazi, yaani dada yake mkubwa, alitaka kusafisha friza. Baba akasimama mlangoni.

"Humo mna nyama ya mke wangu," alisema. "Ameniambia ni ya Jumapili."

"Jumapili gani tena, mdogo wangu?"

"Haijafika."

Shangazi akaweka kitambaa chini. Tuliiacha friza ilivyo. Tulidhani majonzi yatapoa, na mfuko utajiondokea wenyewe.

Unaikumbuka ile soketi moja ya jikoni? Ulikuwa umeizungushia plagi ya friza utepe wa gundi ili mtu yeyote asithubutu kuichomoa. Utepe ulichakaa, ukabanduka. Msimu wa kufungua shule ulipofika, Baba alikuwa na sare za wanafunzi zimerundikana hadi dirishani, soketi ya barazani imeungua, naye pasi anaitaka. Akahamishia meza ya pasi jikoni. Asubuhi anachomoa friza, jioni anairudisha, siku nenda siku rudi, msimu mzima. Nyama ikawa inayeyuka mchana na kuganda usiku, inayeyuka na kuganda. Na kwa kuwa Baba alikuwa akiichungulia alfajiri tu, kabla ya kuwasha pasi, kila alipoichungulia alikuta barafu. Tulidhani ameiamini barafu.

Kaka, mwanao dereva wa lori, ndiye aliyeigundua. Alipita nyumbani akitoka safari, akafungua friza kutafuta maji ya baridi, akatoka nje ameushika ukuta.

"Baba, kuna kitu kimekufa mle ndani."

"Si bata mzinga? Alikufa zamani," Baba alimjibu, akaendelea kupiga pasi.

Tungecheka kama tungeweza kuvuta pumzi. Kaka alimpigia simu Kinyaa, na Kinyaa alikuja na vifaa vyake vya kazi. Alichokiona humo amekisimulia mara moja tu, na sisi hatukuomba arudie. Mfuko ulikuwa umevimba. Chini yake maji yalikuwa yamevuja yakaganda, ya rangi ya damu kuukuu, na juu yake kulikuwa na ute unaoteleza kama makamasi. Harufu iliingia kwenye nywele zake, ikaingia kwenye mkoba, na mkoba ule ameutupa. Alifunga friza, akanawa hadi viwikoni, akarudi kumweleza Baba kwa lugha ya ofisini kwamba sumu ya nyama ya namna hiyo haiondoki hata ikichemshwa siku nzima, na kwamba mtu wa umri wake, mwenye vidonda vya tumbo, hawezi kupona.

"Mimi nimefunga mgahawa kwa nyama iliyo na afadhali kuliko hii, Baba."

"Hapa si mgahawa," Baba alisema. "Na nyumba yangu huwezi kuifunga."

Siku ya pili yake friza ikawa na kufuli.

Tukuambie ukweli, Kinyaa alijua ufunguo unakaa wapi, ndani ya kopo la vifungo. Mchana mmoja Baba alikwenda kununua nyuzi, naye akaingia na glavu na mfuko wa taka, tayari kumaliza kazi. Akainua mfuniko. Pale juu, katikati ya uchafu ule wote, akaona fundo lako, lile fundo lako la kukunja mara mbili na kuacha kimasikio cha kushikia. Alisimama akilitazama huku ameziba pua, machozi yanamtoka. Hakuweza kulifungua. Alirudisha mfuniko na kufuli, akaenda chooni, akatapika.

Basi mwaka ukakaribia kutimia, na Baba akatupigia simu mmoja mmoja. "Jumapili hii njooni," alisema. "Tunakula tambi za mama yenu." Kila mmoja akakata simu akampigia mwenzake. Hakuna aliyelala vizuri wiki hiyo. Kinyaa aliapa kwamba safari hii ataimwaga sufuria ya baba yake hata akikosa radhi.

Alifika asubuhi, na harufu ikampokea njiani, nyumba ya tatu kabla ya yenu. Jirani alikuwa amefunga madirisha. Shangazi ameketi nje kwenye ndoo iliyopinduliwa, mtandio umeziba pua na mdomo. Kaka amesimama mlangoni pa jikoni, ukosi wa shati umepanda hadi machoni, anarudia neno moja tu, "Tafadhali, Baba."

Ndani, Baba alikuwa amevaa aproni yako. Sufuria yako kubwa ilikuwa juu ya jiko, na kilichokuwamo, Mama, ungekimwaga ukaitupa na sufuria. Tambi alikuwa amezivunjavunja akazitia mwanzo, zikawa uji. Povu la kijivu lilikuwa limepanda, likamwagikia motoni, likaungua na kuganda pembeni. Hakujua kwamba huenguliwa. Nyama ilielea vipandevipande, vingine vimekuwa vyeusi, vingine vinang'aa kwa ute. Nzi walishaitana. Kinyaa alishika fremu ya mlango, akameza mate mara kadhaa, na bado alihisi ule uvundo umekaa ulimini kana kwamba ameshaonja.

Baba alipakua bakuli moja, akaketi mezani.

"Nyinyi msile," alisema. "Sijamlazimisha mtu."

"Baba, imeoza," Kinyaa alimwambia.

"Najua imeoza. Mnadhani mimi sina pua?" Sauti yake haikupanda. "Tangu siku za sare najua. Lakini ndicho chakula cha mwisho alichoniandalia, na sijakila. Mtu anakuandalia chakula, unakiachaje?"

Hapo ndipo tulipoelewa kwamba hotuba za afisa afya hazikuwa na kazi tena. Yule mzee hakukosea hesabu ya nyama. Alikuwa akijua inampeleka wapi, na alikuwa amekubali.

Kinyaa hakumwaga sufuria. Alichukua bakuli kabatini, akapakua upawa mzima, akaketi mbele ya baba yake, magoti yao yakigusana chini ya meza. Mchuzi ulimchuruzikia vidoleni, naye hakufuta.

"Kama chakula cha Mama hakiachwi, basi tule wote," alisema. "Na mimi ni mwanawe."

"Weka chini."

"Tangulia, Baba."

"Nimesema weka hicho kijiko chini."

"Ameniandalia na mimi. Alisema watoto wakija. Mimi si nimekuja?"

Akainua kijiko. Huyo ni Kinyaa, Mama, mtu anayenusa maji ya kunywa. Uso wake ulikuwa umebadilika rangi, kichefuchefu kimemtoa machozi, na kijiko kinaendelea kupanda. Kaka aliita jina lake. Kijiko kilipogusa mdomo wa chini, Baba aliupiga mkono ule kwa nguvu ambayo hatukujua bado anayo. Kijiko na bakuli vikaruka, tambi zikatapakaa ukutani na kwenye gauni la Kinyaa, na Baba akamshika kidevu, akamfuta mdomo kwa kiganja chake, akamfuta tena na tena, kama mtoto aliyekula udongo.

"Tema," alisema. "Tema, mwanangu. Tema yote."

Kinyaa akatema, ingawa hakikuwa kimeingia kitu.

Baba akalimwaga bakuli lake sufuriani bila kuonja, akaibeba sufuria mwenyewe. Hakutaka kusaidiwa. Aliipeleka nyuma ya nyumba kwenye shimo la taka, akamwaga, akarudi akachukua mfuko na mifupa iliyobaki, navyo akavimwaga, akavifukia kwa koleo huku Kaka anamwangalia. Alipomaliza alibaki amesimama pale pale. Aproni yako ilikuwa imelowa yale maji mbele yote, na mikono yake ilikuwa na ute hadi kwenye viwiko. Ndipo alipolia. Mazishini hakulia, mwaka mzima hakulia, wengine tulishaanza kumnung'unikia. Alilia kwa sauti, mdomo wazi, hata jirani akafungua dirisha lake.

Hakuna aliyemsogelea upesi, tusidanganyane, maana alikuwa hasogeleki. Alinuka, Mama. Mumeo alinuka vibaya kuliko kitu chochote ambacho Kinyaa amewahi kukifungia mlango. Naye Kinyaa akaenda, akamzungushia mikono, akalaza uso wake kwenye aproni ile mbichi na kuuacha hapo mpaka baba yake alipomaliza.

Unakumbukwa na mumeo, fundi cherehani, ambaye yu hai na anakula; na mwanao dereva; na mwanao Kinyaa; na wifi yako, Shangazi yetu; na wakwe, wajukuu na wapishi wenzako wote wa hoteli.

Pumzika, Mama. Sisi kukusahau hatutaweza.