Cheche, Mpini na Baba Mkwe

Alhamisi. Mvua imenyesha tangu alfajiri na imekatika mchana huu. Uwanja wote ni tope. Mikono yangu inanuka petroli. Nimeiosha kwa majivu mpaka ngozi inawasha, lakini harufu haitoki, basi na ikae.

Leo nina hasira na furaha kwa pamoja, na sijui nianze na ipi.

Nianze na hasira. Tangu Jumatatu watu wa hapa wana neno moja tu mdomoni, kwamba mkono wa mume wangu umevunjwa na pumzi ya watu. Ndivyo tunavyosema sisi Wanyakyusa: majirani wakikuchukia kwa jambo, hawana haja ya kukugusa, minong'ono yao tu inakufuata kama baridi mpaka ikuangushe. Wanasema Asajile ameingiza mtambo wa Mdachi kijijini bila kumchinjia mtu hata jogoo, watu wakanuna, pumzi yao ikamvunja. Sasa wanataka mtambo utupwe mtoni kabla haujamvunja mwingine.

Upuuzi mtupu.

Mkono wa Asajile umevunjwa na cheche iliyowahi. Najua, kwa sababu cheche hiyo nilikuwa nimeishika mimi.

Ngoja nieleze kwa utaratibu, maana nikikasirika huwa naruka maneno. Bwana Mdachi mwenye duka ufukweni mwa ziwa, ambaye Asajile ni fundi wake, alileta motokaa kwa meli. Motokaa! Katika nchi hii ambayo hata ng'ombe huzama hadi tumboni mvua zikikolea. Ilitoka ufukweni ikafika shamba la kwanza la mpunga, na hapo ikakaa. Watu waliivuta kwa kamba huku wakiimba, na nyimbo zenyewe sitaziandika humu. Bwana akaamuru injini ing'olewe, ifungwe juu ya magogo, iwe ya kuzungusha mashine ya kukoboa mpunga. Ghala lake lilipoingia maji, injini ikabebwa hadi kwetu kwenye mwinuko, ikawekwa chini ya paa la zizi letu. Ng'ombe wetu wamehamia kwa Lugano, jirani na mtu wa rika la mume wangu, na nadhani bado wametununia.

Kisha Bwana akapanda Tukuyu, kwenye boma, akaacha neno. Akirudi Jumamosi akute injini inawaka. Ikiwaka, Asajile atabaki hapa kuiendesha. Isipowaka, injini itaachwa ioze, na Asajile ataingia kwenye msafara wa wapagazi, kubeba mizigo ya serikali kwenda wanakokujua wenyewe. Tunawafahamu waliokwenda na msafara. Wengine tuliwaona wakienda tu.

Mimi simtoi mume wangu akabebe mizigo kwa sababu ya kipande cha chuma.

Injini yenyewe haina uchawi wowote. Ndani yake petroli inawashwa na cheche. Kando kuna kimkono kidogo cha chuma: ukikivutia kwako, cheche inachelewa, ukikisukuma mbele, inawahi. Injini ikishakimbia inapenda cheche iwahi. Lakini wakati wa kuiamsha kwa mpini, ule mkono wa chuma unaozungushwa na mtu, cheche lazima ichelewe, pistoni, chuma kinachocheza juu chini ndani yake, iwe imeshafika juu na kuanza kushuka. Cheche ikiwahi hapo, pistoni inapigwa ingali inapanda, injini inarudi kinyume, na mpini unarudi nayo kwa nguvu zake zote. Mwenye kuushika akipoteza ngozi tu, ana bahati.

Kimkono chetu ni kibovu. Springi ya kukizuia ilikatika siku ile ya matope, kwa hiyo ukikiachia kinarukia mbele chenyewe. Ndiyo maana kazi hii inataka watu wawili, mmoja azungushe mpini na mwingine ashike kimkono wala asikiachie. Jumatatu Asajile alikuwa kwenye mpini, mimi kwenye kimkono. Injini ikakohoa kwa mara ya kwanza tangu ije kwetu, nikacheka kwa sauti, na Asajile akaanza kuuzungusha mpini tena.

Hapo hapo baba mkwe akatokea kwenye migomba.

Atakayesoma haya akiwa si mtu wa huku, ajue kwamba mwanamke wa Kinyakyusa haonani na baba wa mume wake. Hapiti njia yake. Hatamki jina lake, na hata humu sitaliandika. Akisikia sauti yake anachepuka, anajifunika nguo, anachuchumaa nyuma ya ukuta mpaka mzee apite. Misheni ya Ipyana ilinifundisha kusoma na kuandika, ikanibatiza, lakini baba mkwe namkimbia kama wenzangu wote. Mzee naye ana wajibu wake: akitaka kumtembelea mwanawe huita kutoka mbali, ili mkamwana apate nafasi ya kujificha. Jumatatu hakuita. Alisikia ule mlio, akasahau kila kitu, akaja mbio kutazama.

Niliona miguu yake tu. Yangu haikuniuliza. Niliachia kimkono, nikajifunika kichwa, nikakimbilia nyuma ya nyumba, na nikiwa huko nikasikia mpini ukirudi na Asajile akipiga ukelele ambao bado unanijia nikikaa kimya.

Kwa hiyo si pumzi ya mtu. Ni adabu. Adabu yangu niliyofundishwa na mama yangu, naye akafundishwa na mama yake, ndiyo iliyomvunja mume wangu mkono. Sioni kwamba nilikosa. Nilifanya kile ambacho mwanamke yeyote kutoka Ngana hadi ufukweni angefanya, na wangenisema vibaya kama nisingekifanya. Lakini hakuna anayetaka kulisikia hilo, maana likisikika itabidi waseme na mzee alikuja bila kuita, na nani atamwambia mzee jambo kama hilo?

Asajile analijua. Hajanilaumu hata kwa jicho. Ningependa angenilaumu kidogo, tugombane, yaishe.

Tuligombana kwa mengine. Mpini uliporudi, ulitikisa kila kitu, na kisahani kinachopanga wakati wa cheche kikazunguka kutoka mahali pake. Ilibidi tupange upya. Jana kutwa Asajile alikaa kwenye kigoda, mkono umefungwa kwa vijiti, akitoa amri kama bwana mkubwa wa boma. Nilifungua plagi inayotoa cheche nikaingiza unyasi mkavu kwenye tundu, mpaka ukagusa kichwa cha pistoni. Lugano akazungusha gurudumu zito la injini polepole, nami nikawa nausikia unyasi ukinipanda vidoleni, ukapanda, ukapanda, kisha ukatulia. Nikasema hapo ndipo juu. Asajile akasema bado. Nikasema vidole ni vyangu, si vyako. Tukarudia mpaka Lugano akaomba apumzike.

Unyasi ulipotulia mahali pale pale kila mara, nilichora alama kwenye gurudumu kwa udongo mwekundu, ule ambao wanawake wa Kikisi hupaka vyungu vyao. Muuza vyungu mmoja alinimegea, akauliza nataka kufinyanga nini. Kisha nikavuta kimkono hadi mwisho, upande wa kuchelewa, nikazungusha kisahani kidogo kidogo mpaka vyuma viwili vidogo vinavyozaa cheche vikaachana pale tu alama inapokuwa imeshapita. Nikakaza nati. Asajile akainama kukagua, akatafuta kosa, akakosa, akanuna. Mume wangu akinuna kwa kukosa kosa, huwa nampenda sana.

Ilibaki kuamsha. Na hapo ndipo Lugano alipogeuka mzito.

Simcheki. Aliuona mfupa wa mwenzake. Leo mvua ilipokatika alisimama mbele ya mpini muda mrefu, anafuta viganja kwenye nguo.

"Subilaga, ukiachia, nami nimekwisha."

"Siachii."

"Hata akija nani?"

"Hata akija nani."

Alikuwa anamfikiria mtu mmoja, na mimi nilikuwa namfikiria huyo huyo.

Mzungusho wa kwanza, kimya. Wa pili, kimya. Lugano alipokuwa anaushika mpini kwa mara ya tatu, amejikaza mwili mzima, sauti ikatoka kwenye migomba. "Asajile! Tunakuja!" Safari hii baba mkwe aliita kama inavyotakiwa. Alikuwa na wazee wawili, na nilijua wamefuata nini. Wamekuja kusema mtambo utupwe.

Miguu yangu ilianza kuondoka. Lazima niseme ukweli, ilianza. Kisigino kimoja kilishanyanyuka kwenye tope.

Sikuachia.

Niliinamisha kichwa, nikavuta nguo usoni kwa mkono mmoja, na mwingine nikaubana kwenye kimkono mpaka vidole vikafa ganzi. Mpini ukazunguka, injini ikakohoa, ikazima. Lugano mzima, mikono yake yote miwili mizima. Katika ule ukimya nikasikia tope likikanyagwa, na wazee wakawa wamesimama penye kona ya zizi, hatua chache kutoka nilipo.

Mmoja wao akasema, "Mkamwana wako hakimbii?"

Kama ningekimbia sasa, Lugano asingegusa mpini ule tena maishani mwake, na Jumamosi ingefika hivyo hivyo. Basi nikafanya jambo baya zaidi ya kusimama. Niliongea. Sikumwambia yeye, nilimwambia mume wangu, lakini nilipaza sauti isikike na kila mwenye masikio.

"Asajile, leo sikimbii. Jumatatu nilikimbia, ndiyo maana umevunjika."

Lugano, ambaye sikumjua kuwa na ujasiri huo, akamwambia baba mkwe bila kugeuka, "Ni kweli, tata. Akiachia kile chuma, mpini unapiga."

Kutoka chini ya nguo yangu niliona miguu ya baba mkwe kwenye tope. Haikusogea. Ilikaa pale muda mrefu sana, na mimi nikajua anahesabu mwenyewe: alikuja lini, alikuja vipi, aliita au hakuita. Sijawahi kumwonea huruma mzee yule mpaka leo. Nilitamani kulirudisha neno langu mdomoni, na wakati huo huo nilitamani kulisema tena.

Kisha miguu ikageuka, ikaondoka. Nikadhani amekwenda kuita watu waje kunihukumu. Nikasema moyoni, na waje wote.

Majani ya migomba yakatikisika. Sauti yake ikatoka humo ndani, ya chini, ya mtu aliyechuchumaa.

"Asajile! Mimi nimejificha. Hakuna aliyeonana na mtu. Zungusheni."

Mzee wa watu, mwenye ng'ombe na wajukuu, amechuchumaa kwenye tope la migomba yetu na nguo kichwani ili mimi nibaki nimesimama. Wale wenzake wawili wakatazamana. Asajile akamshukuru baba yake kwa sauti, "Ndaga, tata!"

Lugano akazungusha. Injini ikakohoa, ikasita, ikashika. Ikashika! Nikasukuma kimkono mbele polepole, kidogo, na kidogo tena, na ule mlio wa kugonga-gonga ukalainika, ukawa mngurumo mmoja ulionyooka. Kuku wote wakaruka juu ya paa. Mzee mmoja akaziba masikio, mwingine akaziba pua. Lugano alikuwa anacheza. Mimi nilikuwa nalia chini ya nguo, na nashukuru nguo ilikuwepo.

Ya mtoni hayakusemwa tena. Waliondoka na baba mkwe kwa njia ya nyuma.

Lakini mama mkwe ameshatuma neno. Anasema kilichofanyika leo hakijawahi kufanyika, na kwamba kujificha kwa mwanaume si kujificha. Wanawake kisimani wamesema wazi zaidi: mwanamke asiyemkimbia mkwe tumbo lake linafunga. Mimi ni mwaka wa pili tangu niolewe na bado sijashika mimba. Wanalijua hilo. Wamechagua neno la kunipiga nalo.

Na limenipiga. Nimebatizwa, nasali, nawacheka wenye pumzi ya watu, lakini hili siwezi kulicheka. Nimekaa hapa mlangoni nimeweka mkono tumboni na naogopa.

Asajile ameniambia Jumamosi atamtafuta mtu mwingine wa kushika, mwanaume, yaishe maneno. Nimemuuliza ni nani kati yao aliyewahi kukishika kile chuma na kukisikia kinavyovuta.

Waniseme kisimani, waniseme kanisani, mama mkwe aniite mbele ya wazee akitaka. Jumamosi Bwana akifika, kimkono nitashika mimi. Kama ni kuogopa, nitaogopa huku nimeshika.