Mama Ratemo Hana Cheti

S.L.P. 47,
Kipkelion.
Jumapili, 15 Juni 2025.

Mpendwa Senge Chepkurui,

Chamgei, Senge? Goti lako linaendeleaje? Mara ya mwisho ulisema linauma ukiwainua wazee unaowatunza huko Leeds, na tangu hapo nimekuwa nikiliwaza. Natumaini umepata siku ya kupumzika na kwamba baridi ya huko imepungua. Sisi tumeamka salama. Baba ana kikohozi kidogo cha baridi ya asubuhi. Mama hajambo, na mdogo wangu Chepchirchir ameng'oka meno mawili ya mbele, sasa hacheki mbele ya wageni. Kogo, mama yako, anakula vizuri. Juu ya Kogo nina mengi, na nakuomba usome mpaka mwisho kabla ya kumpigia Baba, ndugu yako.

Nimeandika kwa kalamu kwa sababu simu hunishinda. Ukipiga, Baba huweka sauti ya juu ili wote wasikie, na mimi maneno hunikauka mdomoni. Kipkirui, kijana wa jirani, anakuja huko masomoni Alhamisi. Nitampa barua hii akuletee.

Senge, ulinipa kazi ya kumchunguza mtu wa kumtunza mama yako kabla hatujamwandika, kama wewe ulivyochunguzwa miezi miwili huko kabla ya kuruhusiwa kumshika mzee hata mkono. Nilifurahi kwamba uliniamini. Sasa sielewi kama kazi hiyo nimeifanya au nimeiharibu.

Mama tuliyempata anaitwa Bonareri, lakini tunamwita Mama Ratemo kwa jina la mwanawe wa kwanza. Amekuja kwa majaribio tangu mwanzo wa Mei, kuanzia asubuhi Mama anapokwenda kuchuma chai mpaka saa kumi. Kitambulisho chake nimekiona na nimekupigia picha. Kilichokosekana ni cheti cha polisi cha maadili mema, na nakumbuka ulisema bila hicho hakuna mazungumzo.

Tumekwenda Kericho mara mbili ili achukuliwe alama za vidole. Mara ya kwanza ombi lilirudishwa kwamba alama hazisomeki. Mara ya pili afisa alimpaka wino, akambonyeza vidole kwenye karatasi, akaitazama, kisha akageuza mikono yake huku na huku kama mtu anayetafuta kitu alichoangusha.

"Mama, ulikuwa unafanya kazi gani?"

"Chai. Miaka kumi na tisa, mpaka mashine zikakuja."

"Hizi vidole zimeisha. Enda upake mafuta, upumzishe mikono mwezi moja, ndio urudi."

"Nipumzishe mikono nikikula nini?"

Watu wa foleni walicheka, naye akacheka pamoja nao. Mimi sikujua nitazame wapi. Tulipotoka nilimwomba nimguse. Ncha za vidole vyake ni laini kama mgongo wa kijiko. Nikamwambia bila kufikiri kwamba tungeweza kurudi siku nyingine tukatumia vyangu. Alisimama pale pale kando ya barabara.

"Alafu hiyo cheti itakuwa inasema nani ndio mzuri? Mimi ama wewe?"

Niliona haya mpaka tukafika nyumbani.

Baba naye alimchunguza kwa njia yake. Unamjua ndugu yako, karatasi kwake si kitu. Yeye huuliza ukoo, kama wazee wanavyouliza kwenye koito, siku ya posa, kabla ya kumtoa binti. Alimkalisha, akampa chai, akamuuliza yeye ni wa nani, babu yake alitoka wapi, na ni nani wa huku anayewajua watu wake. Mama Ratemo alisema alizaliwa kambini, kwenye nyumba za wachuma chai, na baba yake alitoka Nyamira akafia humo humo kambini. Mama Ratemo alipoondoka, Baba aliniuliza, "Sasa huyu nitauliza nani juu yake?"

Basi polisi hawawezi kumsoma, na Baba hana wa kumuuliza. Ninavyoona, yote mawili yametokana na chai. Sijui kama hiyo ni sababu ya kumkataa mtu. Wewe uliyesoma mambo haya utanieleza.

Nikabaki na namba ya Nganga, mkulima wa viazi wa Londiani. Mama Ratemo alimtunzia mamake mpaka akafariki. Uliniandikia maswali manane ya kumuuliza, nami niliuliza mawili. Lile la wizi nililiruka, nikauliza badala yake kama viazi vimefanya vizuri. Aliongea juu ya viazi karibu dakika kumi. Mwishowe alinionea huruma.

"Msichana, si ulitaka kujua juu ya Mama Ratemo? Kazi anajua. Lakini huyo ako na mdomo. Alinisema mbele ya dada zangu wote."

"Alisema nini?"

"Ukweli. Ndio maana iliniuma."

Kisha salio langu likaisha. Nilijiuliza kama hiyo ilikuwa sifa au lawama. Niliandika majibu mawili kwenye daftari, nikayafuta yote mawili.

Sasa nifike mahali ambapo nimekuwa nikipazunguka.

Tangu Januari mimi ndiye niliyemtunza Kogo. Tangu apooze upande mmoja hawezi kujigeuza, na nilimgeuza kila baada ya saa mbili kama ulivyonielekeza. Halafu Aprili ikaja barua ya kuitwa chuoni Kericho, kozi ya kilimo. Nikawa nakaa nje kwenye nyasi naisoma tena na tena, nikihesabu miezi. Kumgeuza nikawa nakumbuka asubuhi na jioni tu. Nilipomwosha niliosha haraka, macho pembeni, kwa sababu ya haya. Kogo hakulalamika. Maneno yake ni machache siku hizi, na nadhani alikuwa akinihurumia.

Siku yake ya pili, Mama Ratemo alimgeuza Kogo kisha akaniita. Chini ya mgongo palikuwa na kidonda, upana wa kifuniko cha chupa ya soda.

"Nani huosha huyu shosho?"

"Ni mimi."

"Hii si ya jana. Iko na wiki mbili."

Hakunipigia kelele. Alinionyesha jinsi ya kuweka mto na jinsi ya kutazama ngozi bila kumwaibisha mzee, akanituma kwa muuguzi wa zahanati. Mama alijua siku hiyo hiyo. Alisema tusikusumbue, uko mbali na huna la kufanya. Lakini Mama Ratemo alinifuata jikoni.

"Mwenye kunilipa ni senge yako. Siwezi kula pesa yake na nimfiche mambo ya mama yake. Utamwambia wewe, ama nitamwambia mimi. Nakupatia mpaka kidonda ikauke."

Ijumaa muuguzi alikitazama akasema kimefunga. Kwa hiyo nimekuandikia. Nisamehe, Senge. Sina maneno mengine ya kuweka hapo.

Na bado sijui nikushauri nini. Nikisema huyu ni mtu mwema, huenda ni kwa sababu Septemba nataka kwenda chuoni. Nikisema simjui vya kutosha, nitabaki mimi, na mimi ukoo wangu unajulikana mpaka babu wa babu, na vidole vyangu vinasomeka vyote kumi. Hakuna aliyeniuliza chochote kabla ya kuniachia Kogo.

Namba yake nimeiandika nyuma ya karatasi hii. Mpigie mwenyewe, umuulize yale maswali manane. Nadhani atakujibu, na mengine ambayo hukuyaandika. Ukiona hafai, nitamwambia mimi mwenyewe ana kwa ana, na chuo kitangoja.

Baba na Mama wanakusalimu sana. Chepchirchir anauliza kama kuna meno madukani huko. Kogo ameniona nikiandika, nikamuuliza anataka nikuambie nini. Alisema nikuambie ule vizuri.

Mungu akutangulie katika kila nyumba ya watu unayoingia, na akupe mikono isiyochoka.

Ni mimi, mtoto wa ndugu yako, ninayekupenda na leo ninakuogopa kidogo,

Chelimo.