Diski Iliyochomoka Tianxiu

Dada Neema, shikamoo. Joto la Guangzhou linanichemsha kama kande. Leo dukani katika jengo la Tianxiu, rafiki yangu Ilunga, fundi Mkongo, alikuwa akijaribu kiini cha mfumo wa kompyuta alichokirekebisha, ili ukichomeka au kuchomoa diski zako zilizounganishwa kama mnyororo, kompyuta isigande kama ile ya studio yako ya video za harusi. Ghafla polisi wakaingia kukagua pasipoti. Ilunga akazama chini ya meza. Askari akajikwaa kwenye waya, diski ya katikati ikachomoka. Bibi harusi wa video iliyokuwa kwenye skrini akaendelea kucheza!

"Haijaganda!" Ilunga akaibuka akishangilia, akamkumbatia askari.

"Pasipoti," askari akasema.

Kumbe viza yake ilikuwa hai. Alijificha kwa mazoea tu. Diski zako nakuletea. Nimekukumbuka, hata makelele yako ya asubuhi.

Mdogo wako, Elia