Kanga Iliyomfunika Luka

Mkonze, Dodoma
14 Septemba

Kwa mama yangu, Bi Zaitun,

Assalaam alaykum, na shikamoo mama. Natumaini goti limepungua maumivu, na Mwanne bado anakuchemshia ile mizizi asubuhi. Mimi nipo, ila mgongo si mgongo tena. Huku ni upepo na vumbi, kila kitu chekundu, hata mate. Mwanne, wewe unayesoma, nakusalimu pia. Msomee mama taratibu na usiruke neno, hata ukifika mahali utakapotamani kuruka. Ningepiga simu, lakini kwenye simu ulimi wangu umeshazoea uongo.

Mama, yule mtu aliyezama ghubani kwetu mwezi uliopita, ukavua kanga yako mabegani ukamfunika, alikuwa anaitwa Luka. Ni Mgogo wa hapa Mkonze, mkewe ni Dorkasi, na nyumba yao naiona kutoka hapa ninapoandika. Kazi yetu ilikuwa moja, kupandisha zege ghorofani kwa ndoo. Ndiyo mama, zege. Sijawahi kuwa fundi mkuu. Ile nyumba ya bati jekundu niliyopiga picha mbele yake ni ya tajiri wetu, Mzee Masudi, kule Nkuhungu. Mimi nilibeba maji ya kuijengea.

Miaka tisa nimekudanganya wewe, na wenzangu nimewadanganya kwamba kwetu ni Kondoa, kwa sababu siku niliyoomba kazi fundi Yoramu alisema yeye watu wa pwani hawataki, wanabeba ndoo moja kisha wanatafuta kivuli. Nikajifanya Mrangi. Luka alinicheka kila siku, akisema Mrangi gani huyu hajui hata salamu ya kwao, labda mama yake alimwokota kwenye basi la Babati. Nilicheka naye.

Jengo la mwisho lilipokwisha, tajiri akawapa vibarua mapumziko ya siku tatu huko kwetu. Walipanda basi wakiimba, maana wengi hawakuwahi kuiona bahari. Wanasema walikuta ghuba imejaa, maji ya kijani yametulia nyuma ya fungu la mchanga, mikoko imezunguka, na watalii wanapiga picha. Luka akaonja maji akatema, akauliza nani kamwaga chumvi yote hii wakati kwao ng'ombe wanaitafuta kwa ulimi. Kesho yake akanunua mikate ya ufuta kwako. Ulipomsikia ni wa Dodoma ukamwita mwanangu, ukamuuliza kama anamfahamu Halfani, fundi mkubwa wa majengo. Akarudi kwa wenzake anacheka, akisema amekujibu kwamba Halfani wao ni mmoja tu, Mrangi, na ufundi wake ni wa ndoo.

Mchana maji yakapwa, ukabaki mchanga mtupu mpaka kwenye fungu. Mama, watu wa huku wanajua maji ya bwawa. Bwawa likikauka limekauka mpaka mvua za Desemba, na ng'ombe wanapita katikati. Luka akakunja suruali akavuka kwenda funguni kumwokotea Dorkasi kauri. Hakuna aliyemwambia kwamba siku ile ilikuwa ya bamvua, na kwamba maji makubwa kama yale yakirudi hayaji usoni kwako; yanajaza kwanza mkondo uliouacha nyuma yako.

Hapo juu nimeandika walipanda basi, wanasema walikuta. Nilitaka kufuta, nikaacha, uone ninavyodanganya hata ninapoandika ukweli.

Tulikwenda, mama. Ningeweza kusingizia homa nikabaki. Nilitaka kukuona, sikutaka unione. Yule aliyekaa chini ya mkoko amekupa mgongo, kofia imefunika masikio, miwani nyeusi usoni, alikuwa mimi. Miwani aliniazima Luka. Mkate niliokuwa nakula ulikuwa wako, nilimtuma yeye aje kununua.

Niliyaona maji kwenye mlango wa ghuba kabla yako. Nilijua la kufanya, ni ile sauti ya baba ya kuita watu watoke, mikono mdomoni, ambayo mtaa mzima unaijua. Nikawaza, nikiita hivyo utageuka. Nikaendelea kutafuna. Ukaita wewe. Kisha ukatugeukia, ukauliza kama katika wanaume wote wale hakuna hata mmoja anayejua maji. Najua kuogelea, wewe mwenyewe ulinitosa ghubani nikiwa na miaka minne. Nilivua viatu, nikasimama nimevishika mpaka mtumbwi ulipomrudisha.

Kanga yako ilikuja naye Dodoma. Dorkasi ameifua na kuikunja, lakini hataki ikae kwake. Anasema nguo iliyomsitiri mtu wake lazima mwenyewe arudishiwe mkononi na kushukuriwa. Jina lako halijui, anajua tu kuna mama wa mikate. Ameniomba mimi nimpeleke kwa kuwa nilikuwa rafiki wa mumewe. Nimekubali. Tutafika Jumamosi ya wiki ijayo.

Bado hajui lolote. Nitamwambia mbele yako, kwa sababu tukiwa wawili najijua, nitapunguza. Ukitaka kufunga mlango nifungie mimi, yeye mpokee, mwandalie pa kulala. Wala msimpeleke kuona bahari mpaka aulize mwenyewe.

Wasalimie jirani zetu wote, na kaburi la baba lipalilie kwa niaba yangu kama ulivyofanya siku zote. Mwanne, kama kuna mahali umeruka, rudi usome.

Ni mimi mwanao,
Halfani, kibarua.