Mwenzi Wangu wa Mbizi ni Baba Mkwe

Mpendwa mshauri, shikamoo. Naomba msaada wako, lakini niruhusu nianze na shukrani, maana nikianza na shida nitaonekana mtu asiyeona mema, na mimi mwaka huu nimetendewa mema mengi.

Nimezaliwa Ikombe, kwa Wakisi wafinyanzi, nikaolewa Matema kwa Wanyakyusa wakulima wa mpunga na kokoa. Nafanya kazi kwenye nyumba ya wageni ya ufukweni, na mwajiri wangu alinipeleka Nkhata Bay, upande wa Malawi, nikajifunza kupiga mbizi kwa mtungi wa hewa, nikafaulu, nikarudi na cheti na furaha nisiyoweza kuieleza, kwa sababu ziwa nililochota maji tangu utoto nililiona kwa mara ya kwanza kutoka ndani, samaki wa bluu na njano wakizunguka mawe kama wako sokoni. Ameahidi kunipeleka tena nisomee kuongoza wageni chini ya maji, ila chuo kinataka kwanza nipige mbizi nyingi za mazoezi, naye mwajiri hatoi mtungi kwa mtu mmoja, ni lazima tuwe wawili waliofunzwa, na hapo ana haki.

Nilimwomba mume wangu Gwamaka akajifunze, akasema, "Mke wangu, mimi maji ya magotini yananitosha." Nikamwendea Andongwisye, mvuvi anayezama kunasua nyavu zilizokwama, akacheka mpaka akakaa chini: "Dada, sisi pumzi tunaishika kifuani, wewe unataka kuibeba mgongoni kama mkungu wa ndizi?" Wageni wenye vyeti huja, lakini wakilala siku mbili wanaondoka.

Kumbe mpiga mbizi aliyefunzwa alikuwepo nyumbani kwetu. Ni baba mkwe wangu, ambaye jina lake siliandiki hata hapa. Alikuwa akizama bandarini kukagua matumbo ya meli mpaka alipostaafu. Unajua mila yetu: mke wa mtoto hamtazami baba mkwe usoni, hakai naye meza moja, akimwona njiani hupisha pembeni na kugeuza uso. Tangu niolewe tumeongea kupitia mama mkwe. Basi siku moja mama mkwe alikuja jikoni akaniambia, "Baba yenu anasema usihangaike kutafuta watu barabarani. Yeye yupo." Mshauri, nililia. Nilisema ndaga fijo, asante sana, na shukrani hiyo bado haijaniisha moyoni.

Tukaenda penye mawe kuelekea Ikombe, kwa kuwa karibu na midomo ya mito maji yalikuwa tope la mvua. Mama mkwe alikaa ufukweni. Nikazama kama nilivyozoea kutembea nyumbani, nyuma yake, mbali kidogo, macho chini kwenye mchanga, na yeye kwa heshima hakugeuka mara kwa mara, na alipogeuka akanipa ishara ya mkono kwamba tupinde kuzunguka jiwe kubwa, mimi sikuiona kwa sababu nilikuwa nimeinamisha uso, na nilipoinua macho hakukuwa na mtu, nikamtafuta kidogo kama nilivyofundishwa, kisha nikapanda polepole peke yangu. Nilipotokeza nikamsikia. Alikuwa ameibuka upande wa pili wa jiwe, anaita, "Lusungu! Lusungu, mwanangu!" Jina langu hakuwahi kulitamka. Sauti ilikuwa imempasuka, na akina mama waliokuwa wakipanga vyungu ufukweni walisikia wote.

Tulitoka salama, namshukuru Mungu. Lakini shangazi Prisca, dada yake baba mkwe, alikuja nyumbani akasema, "Mzee mzima anamwita mkwewe kwa jina kama muuza dagaa! Aibu hii tutaifulia ziwa gani?" Anataka niache kabisa na niombe radhi. Gwamaka anasema niamue mwenyewe. Na baba mkwe ametuma neno tena kwamba yuko tayari turudi. Sijamjibu. Nikikubali, naogopa kumvunjia heshima mtu ninayemshukuru kuliko wote. Nikikataa, mbizi zangu zimeishia hapo na ile kozi nimeikosa. Nifanye nini?

Lusungu, Matema

MSHAURI ANAJIBU

Marahaba, mwanangu. Mimi niliolewa Talatala, kwa Wanyakyusa hao hao, na baba mkwe wangu nilimjua kwa visigino tu, kwa hiyo usidhani umemwandikia mtu asiyeijua mila hiyo. Naiheshimu. Pia nimefurahi kusoma barua ya mkwe anayeanza kwa kushukuru, siletewi nyingi.

Sasa nikugombeze. Nchi kavu ukiinamisha uso, umeheshimu. Chini ya maji hakuna anayeweza kusema, mkono ndio unaosema na jicho ndilo linalosikia. Mzee alikuita ukaziba masikio, akabaki kuzungumza na jiwe. Je, kama hewa ingekuishia? Ungemtumia salamu kupitia mama mkwe? Na yeye simwachi, maana aliifanya kazi hiyo kwa miaka: mlivaa mitungi bila kukubaliana kwanza mtatazamana vipi. Mlikuwa wawili, lakini kila mmoja alizama peke yake.

Kuhusu jina, usiombe radhi. Mtu akidhani mtoto wake amezama, humwita kwa jina lake. Alichokifanya mzee ni cha baba, na ungekosea sana kukifanya kosa.

Mwombe mama mkwe awakusanye: mzee, Gwamaka, na shangazi Prisca asiachwe nje. Kaa nyuma ya mama mkwe kama kawaida yenu, lakini lisemwe mbele ya wote: kuanzia mnapovaa miwani ya maji hadi mnapoivua, nyinyi ni wenzi wa mbizi. Mtatazamana, mtashikana mkono ikibidi, mtapeana hewa. Mkishavua, kila mmoja arudi kwenye heshima yake. Mzee akisema hapana, usimlazimishe. Akisema ndiyo, aende kwanza hospitali apimwe moyo na mapafu, maana kustaafu si kuongeza ujana. Kisha rudieni ishara zote na kupeana hewa mkiwa mahali mnaposimama, mpaka aibu iishe mikononi. Kina kirefu msikiguse kabla ya hapo.

Shangazi mpeni kazi. Akae kwenye mtumbwi juu yenu na mpiga kasia, afuate mapovu yenu. Mtu anayechunga mapovu mawili hana nafasi ya kuchunga mengine.

Wala usimtegemee mzee peke yake. Kiandikie chuo cha Nkhata Bay kikuulizie wahitimu wanaoishi Karonga au Mbeya. Kutoka Mbeya, au kutoka Karonga kwa kuvuka mpaka wa Kasumulu, si mbali kwa mtu anayetafuta mwenzi kama wewe. Mwombe mwajiri aweke tangazo mtandaoni wageni walione kabla hawajafika. Anayekuja na cheti, kikague, na mbizi ya kwanza naye iwe ya kina kifupi, hata akijisifu vipi. Mvua zikinyesha, midomo ya mito iache. Na mwajiri wako akilegea siku moja akakupa mtungi uzame peke yako, mrudishie.

Lakini hayo yote ni ya kesho. La leo ni dogo kuliko yote: mtu amejitolea mara mbili kushuka nawe kwenye kina, na mara ya pili hajapata jibu. Kunja gazeti hili, umwendee mama mkwe, mzee ajibiwe.