Watu wa Usalama Kwenye Simu

Kijijini Sori, Jumanne

Hata sasa simwamini Hassan.

Simu yangu ya zamani imekuwa ikileta maneno yaleyale: "Sasisho la usalama liko tayari." Mume wangu Ouma alipoyasoma akanionya, akiniita binti wa Kosele kama kawaida yake, "Usibonyeze, Nyar Kosele. Hao ni watu wa usalama. Wanataka kuingia kwenye simu." Basi kila ilipouliza, nilikataa.

Leo nimempelekea Hassan, fundi wa simu kule Migori. Alicheka mpaka akashika meza. "Mama, usalama hapa si polisi. Ni kufuli mpya. Kampuni inakuletea ufunge mlango, wewe unaifukuza!"

Bure? Kwa simu kuukuu hivi? Nani huendelea kuhudumia kitu alichokwisha kuuza? Halafu Hassan mwenyewe anauza simu mpya, mbona hakuniambia ninunue? Hapo ndipo roho yangu inakataa.

Lakini pesa za chama chetu cha akiba ziko humo, na mweka hazina ni mimi.

Nimebonyeza baada ya chakula. Skrini imezima, ikawaka, sasa kiduara kinazunguka tu. Ouma amefunga mlango kwa komeo, akaja kuninong'oneza, "Wameshaingia?"